Bendera Themanini na Nne za Mto Kasimbi

Ipo nchi moja ambayo msomaji asijisumbue kuitafuta kwenye ramani, kwa sababu ramani yake ilipelekwa juu ili isainiwe na bado haijarudi. Inaitwa Jamhuri ya Maelekezo. Watu wake ni wapole, mvua zake ni za wastani, na hakuna jambo linalofanyika humo, hata kupiga chafya ukumbini, lisilokuwa na waraka wake.

Kuna kitu kimoja ambacho mgeni lazima akifahamu mapema. Katika Maelekezo, waraka hauna nguvu unapoandikwa, wala unaposainiwa, wala unaposomwa redioni. Hupata nguvu pale tu unapofika kwenye ofisi inayohusika na kugongwa mhuri wa IMEPOKELEWA. Kabla ya mhuri ni karatasi. Baada ya mhuri ni sheria. Waasisi waliuweka utaratibu huu ili watu wasitii mambo wasiyoyasoma, na umefanya kazi nzuri kwa miaka mingi kwa sababu maofisa wengi hawapatikani. Mmoja yuko likizo, mwingine yuko msibani, wa tatu amesahau mhuri kwenye suruali nyingine. Wachunguzi wa mambo wanasema hiyo ndiyo sababu nchi ingali imesimama.

Bwana Nikodemu Mshigati hakuwa afisa wa namna hiyo. Alikuwa Afisa Mbung'o wa Kata ya Ilungasi kwa miaka kumi na tisa, na katika muda huo hakuna barua iliyolala mezani pake bila mhuri. Aligonga, akaandika saa, akaandika dakika. Wanakijiji walimwita Bwana Mbung'o, naye hakukasirika, kwa kuwa jina lilikuwa sahihi.

Mbung'o, kwa asiyemjua, ni mkubwa kidogo kuliko inzi wa nyumbani. Akitua hufunga mabawa yake moja juu ya jingine kama mkasi, na huuma kama sindano ya kushonea magunia. Huuma mchana. Baadhi yao hubeba vimelea vya malale, ugonjwa unaoanza na homa na kuishia kwa mtu kusinzia akiwa ameshika tonge. Asipotibiwa, haamki.

Lakini mbung'o ana udhaifu mmoja: anapenda rangi ya bluu. Kwa nini anaipenda, Nikodemu hakujua, wala hakuona haya kutojua. Alijua tu kwamba anaipenda, kwa sababu alikuwa amehesabu. Bluu humwita, nyeusi humkalisha. Kwa hiyo, kando ya Mto Kasimbi, kwa umbali wa kilomita kumi na mbili, Nikodemu alikuwa ametundika vitambaa themanini na vinne vya bluu vyenye utepe mweusi katikati, kila kimoja kikiwa kimechovywa dawa na kukazwa kati ya miti miwili. Mbung'o aliitwa, akakaa, akafa.

Mwaka uliotangulia vitambaa, Ilungasi ilizika watu kumi na mmoja. Kwa miaka sita iliyofuata, haikumzika hata mmoja kwa ugonjwa huo. Hayo hayakuwa maoni ya Nikodemu. Yalikuwa daftarini.

*

Jumanne moja ya mwezi wa nne, saa tatu na dakika kumi asubuhi, dereva wa wilaya alisimamisha pikipiki mbele ya ofisi na kutoa bahasha kifuani. Ndani mlikuwa na Waraka Namba Saba wa Heshima ya Rangi ya Taifa.

"Kwa kuwa," ulisema waraka, "bluu ni anga ya uhuru wetu, na kwa kuwa imebainika kwamba baadhi ya wananchi wanaitumia kufungia maandazi, kuzibia madirisha na kutandikia punda, kwa hiyo inaelekezwa kwamba kitambaa cha bluu kisionekane porini, kisitundikwe kwenye mti usiopakwa rangi, na kwa namna yoyote ile kisitumike kumvutia mdudu."

Nikodemu aliusoma mara moja, akafungua pedi ya wino, akagonga mhuri. Saa tatu na dakika kumi na nane. Alipouinua mhuri ndipo macho yake yaliporudi kwenye mstari wa mwisho.

"Umeshagonga?" dereva aliuliza.

"Nimegonga."

Dereva alimtazama kama mtu anavyomtazama kuku aliyejiingiza mwenyewe chunguni. "Mzee wangu, nimezunguka kata saba tangu jana. Wenzako wote nimewakosa. Mmoja alikuwa chooni, nimeiona miguu yake kabisa chini ya mlango, ananiambia hayupo. Wewe tu ndiye umepatikana."

"Nipo kazini," Nikodemu alisema.

"Ndiyo hapo," dereva alisema, akawasha pikipiki.

Siku ya tatu, Nikodemu alipanda baiskeli na kwenda kilomita arobaini mpaka kwa Mkuu wa Wilaya, Mheshimiwa Yustina Bahebe, mama mchangamfu aliyepanda cheo haraka kwa sababu hakuwahi kushtuka mbele ya watu. Alimsikiliza mpaka mwisho, akimkaribisha chai mara mbili.

"Waraka umepokelewa?" aliuliza.

"Umepokelewa, Mheshimiwa."

"Na nani?"

"Na mimi."

"Sasa unamlalamikia nani, Bwana Mshigati?"

Nikodemu alifungua daftari lake kwenye ukurasa wa hesabu.

"Mimi nakwambia kama dada yako," Mheshimiwa aliendelea. "Usipende kubishana na rangi. Bohari tuna vitambaa vya njano, vimejaa mpaka panya wanazaliana. Chukua, tundika."

"Mheshimiwa, mbung'o haendi kwenye njano."

"Umemwuliza?"

"Nimemhesabu. Kwenye bluu, mbung'o kumi na wanne kwa kila kitambaa kwa siku. Kwenye njano hufikishi mmoja."

Mheshimiwa Bahebe aliweka kikombe chini taratibu. "Ngoja kwanza. Yaani tukitundika njano, idadi inashuka kutoka kumi na wanne mpaka sifuri?"

"Kwenye kitambaa, Mheshimiwa. Siyo porini."

"Bwana Mshigati, kushuka ni kushuka."

Ikawa hivyo. Mwezi wa tano vitambaa vya bluu viliondolewa, vikakunjwa kwa heshima na kupelekwa bohari kwa gwaride dogo. Mwezi wa sita taarifa ya Ilungasi ilionyesha sifuri. Mwezi wa saba Wizara ya Afya, Ustawi na Mwonekano ilitangaza kwamba mbung'o amekwisha katika Jamhuri ya Maelekezo. Malale ikafutwa kwenye orodha ya magonjwa, na dawa zake zikarudishwa makao makuu, kwa kuwa kuweka dawa ya ugonjwa usiokuwepo ni kuwatia watu hofu.

*

Kiangazi kilipokolea na majani kukauka, mbung'o walifanya wanavyofanya kila kiangazi: walikusanyika palipobaki kivuli na maji. Palipobaki kivuli na maji ndipo wanawake wa Ilungasi walipochota, na warina asali walipopita kwenda kwenye mizinga. Nikodemu alishuka kivukoni kila asubuhi, akasimama dakika ishirini akiwa amekunja suruali, akahesabu waliotua miguuni pake. Mwezi wa sita, wanne. Mwezi wa saba, kumi na tisa. Aliandika, lakini hakukuwa na mahali pa kupeleka alichoandika. Fomu mpya ya mwezi ilikuja na sifuri iliyokwisha kuchapwa, mtu asikosee.

Alikuwa na hesabu nyingine kichwani. Mvua zingeanza mwezi wa kumi na moja. Kati ya sasa na hapo, kila siku ambayo mto ulikuwa hauna bluu ilikuwa na bei yake, na bei hiyo ilikuwa na majina ya watu. Alitaka vitambaa vyake themanini na vinne virudi kabla ya mwezi wa kumi. Hakutaka kitu kingine.

Hapo kivukoni ndipo Kalunde alipomkuta. Alikuwa mke wa Mzee Luhende, mrina asali aliyejua mizinga yote ya bonde lile, na mwanamke ambaye ulimi wake ulikuwa haujawahi kupigwa mhuri.

"Bwana Mbung'o, hujambo."

"Sijambo, mama. Mzee hajambo?"

"Mzee amelala. Juzi amelala na asali mdomoni, nyuki wakawa wanamtembelea ndevu. Homa wiki tatu. Nimempeleka zahanati. Nesi amemwangalia, na yule nesi siyo mjinga, nimemwona anameza mate. Kafungua kitabu, kakosa pa kuandika. Kaandika 'uchovu, daraja la tatu'. Katupa panadoli."

Nikodemu aliteremsha suruali.

"Wewe umesoma," Kalunde alisema. "Niambie. Mume wangu anaumwa ugonjwa ambao haupo?"

"Upo, mama."

"Basi andika kwamba upo."

"Nikiandika, haupokelewi."

"Na ule wa kuondoa vitambaa, ulipokelewa?"

"Ulipokelewa."

"Saa ngapi?"

Nikodemu alikuwa mtu wa ukweli, na ukweli ulimtoka kabla hajauzuia. "Saa tatu na dakika kumi na nane."

"Loo!" Kalunde alijitwika ndoo yake. "Yaani mpaka dakika unaijua. Wawili tumeshazika, na wa tatu, mume wangu, yuko njiani. Haya, kaandike na hiyo."

Akaenda zake. Nikodemu alibaki amesimama majini kwa muda ambao, kwa mara ya kwanza katika utumishi wake, hakuupima.

*

Kwa kuwa sifuri ya Ilungasi ilikuwa ya kwanza nchini, Wizara iliamua kwamba sherehe ya ushindi ifanyike Ilungasi. Na kwa kuwa picha hupendeza penye maji, hema lilisimikwa kivukoni.

Lilikuwa hema la bluu. Lilikuwa na urefu wa hatua sitini. Viti vilivalishwa bluu. Wanawake waligawiwa vitenge vya bluu, wazee walipewa kofia za bluu, na waheshimiwa wote walikuja na suti rasmi za taifa, bluu, zenye mkanda mweusi wa hariri kutoka begani mpaka kiunoni. Walikuja kwa msafara wa magari ishirini na matatu meusi, wakikatiza msitu wenye mbung'o kwa saa mbili. Mbung'o, msomaji afahamu, hufuata kitu kinachotembea.

Nikodemu alikuwa ameandika barua ya tahadhari wiki mbili kabla. Ilirudishwa ikiwa na maneno mawili ya wino mwekundu: "Mdudu gani?"

Saa nne na nusu Mheshimiwa Profesa Gaspari Tindwa, Waziri wa Afya, Ustawi na Mwonekano, alipanda jukwaani. Alikuwa mtu mpana, mwenye mgongo wa kutosha.

"Ndugu wananchi wa Ilungasi! Leo nimesimama mahali ambapo zamani hizo, enzi za giza, kulikuwa na mdudu. Nauliza, yuko wapi?"

Mtu mmoja alijipiga kibao shingoni. Mwingine akajipiga pajani. Mstari wa mbele wote ukaanza kujichapa. Mtangazaji wa redio, aliyekuwa ndani ya gari lililofungwa vioo, aliwaambia wasikilizaji wake kwamba hotuba ilikuwa ikikatizwa kila mara na makofi ya wananchi.

"Yuko wapi?" Waziri aliuliza tena, akajikuna kwapa. "Serikali yenu sikivu haikumfukuza kwa moshi, haikumfukuza kwa fimbo. Ilimfukuza kwa takwimu!"

Mlinzi wake alikuwa amesimama nyuma, macho yamemtoka, akiutazama mgongo wa bosi wake. Mkono aliuinua, akaushusha. Kumpiga Waziri ni kosa. Kumpiga mbung'o aliye juu ya Waziri ni kosa kubwa zaidi, kwa maana ni kukiri kwamba yupo.

Nikodemu alikuwa pembeni na daftari lake. Kati ya dakika ya kumi na dakika ya ishirini ya hotuba aliwahesabu mbung'o waliotua kwenye mkanda mweusi wa Mheshimiwa. Walikuwa thelathini na mmoja. Alihesabu tena kwa uhakika. Bluu iliwaita, nyeusi iliwakalisha. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa hajaona mtego mzuri kama ule. Kilichokosekana ni dawa tu.

Alikuwa bado anaandika ilipotokea kasheshe. Mzee Luhende alikuwa amewekwa mstari wa mbele, na kibuyu cha asali mapajani, ili amkabidhi Waziri zawadi ya wananchi. Jina lake liliitwa mara tatu. Mara ya tatu kibuyu kilianguka na asali ikatambaa mpaka kwenye viatu vya waheshimiwa. Mzee hakushtuka. Alikuwa amelala, kidevu kifuani.

"Amka, mzee, unaitwa na Waziri!" askari alimtikisa.

"Usimtikise mtu mgonjwa!" Kalunde alipiga kelele kutoka upande wa wanawake.

"Mgonjwa wa nini?" Mheshimiwa Bahebe aliuliza haraka.

Nesi wa zahanati alitazama chini. Nikodemu alifungua mdomo, na kwa sauti isiyo kubwa akasema, "Malale."

"Hiyo haipo," alisema Mheshimiwa Bahebe, bila ukali, kama mtu anayemkumbusha mwenzake tarehe. "Kwa hiyo amelala kwa hiari."

Kusinzia mbele ya hotuba ni kosa katika Maelekezo, miezi minne bila faini. Watu kumi na tisa walikuwa wamesinzia mchana ule, akiwemo msaidizi wa Waziri. Lakini wengine waliamka walipotikiswa, na sheria inasema kuamka ni kujutia. Mzee Luhende alipakiwa nyuma ya gari la polisi akikoroma.

*

Gereza la mkoa liko chini ya wizara nyingine, na Waraka wa kuifuta malale, kwa kosa la karani, haukuwa na nakala kwa Magereza. Daktari wa gereza alikuwa mtu mvivu kiasi, asiyesikiliza redio. Alipoletewa mfungwa asiyeamka, alimpima damu kama alivyofundishwa chuoni, akaviona vimelea vikicheza chini ya darubini, akafungua kabati lake. Dawa zilikuwemo. Hakuna aliyekuwa amemwambia azirudishe.

Kalunde alirudi kutoka kumwona baada ya wiki tatu.

"Ameniuliza kama mizinga imefunikwa," alimwambia Nikodemu. "Ameniuliza mwenyewe, macho wazi. Kumbe hapa kijijini ukiumwa ukawa mwema, unakufa. Ukifungwa, unapona."

Maneno hayo yalitembea. Wiki iliyofuata koplo wa kituo cha polisi alimjia Nikodemu akiwa amevua kofia.

"Bwana Mbung'o, nisaidie. Watu wanakuja kujishtaki. Leo asubuhi bibi mmoja ana homa, amekaa mlangoni kwangu anasema ameiba ng'ombe. Nimemwuliza ng'ombe wa nani. Anasema, 'Andika wowote, mwanangu, ila nipeleke leo.'"

"Umempeleka?"

"Nimempeleka. Ningefanyaje? Lakini nina pingu mbili tu."

Wagonjwa tisa walifungwa mwezi ule. Nikodemu aliwaandika wote, majina na tarehe, katika safu aliyoichora mwenyewe kwa rula. Saba walipona. Wawili walikamatwa wakiwa wamechelewa.

*

Nikodemu hakuwa na kipaji cha uongo, na hakutaka kukitafuta uzeeni. Lakini aliusoma upya Waraka Namba Saba, mara hii polepole, kama alivyopaswa kuusoma Jumanne ile. Ulikataza bluu isionekane porini. Haukusema pori ni nini likishafanyiwa sherehe ya taifa. Ulikataza mti usiopakwa rangi. Rangi ipo. Ulikataza kumvutia mdudu. Na mdudu, kwa tamko la Wizara, hayupo.

Akaandika barua. Ilimchukua siku nne, kwa sababu lugha ile ilikuwa ngeni mkononi mwake. "Kwa kuwa," aliandika, "bonde la Mto Kasimbi sasa ni Uwanja wa Ushindi, na kwa kuwa ushindi usiokuwa na alama husahaulika, kwa hiyo inapendekezwa zisimikwe bendera themanini na nne za taifa kando ya mto, juu ya miti iliyopakwa chokaa, kila moja ikiwa na picha ya Mheshimiwa Waziri kwa wino mweusi. Vitambaa vichovywe katika dawa iliyobaki bohari, ili viendelee kufanya kazi iliyokusudiwa."

Sentensi ya mwisho aliipima mara tatu. Ilikuwa kweli tupu.

Mheshimiwa Bahebe aliisoma barua mbele yake, akaishusha, akamtazama kwa namna ambayo hajawahi kumtazama.

"Bwana Mshigati. Hatimaye umekua."

"Ahsante, Mheshimiwa."

"Mbona picha nyeusi? Hatuwezi kuweka ya rangi rangi?"

"Nyeusi inaonekana mbali."

"Na nani?"

"Na wote wanaopita mtoni, Mheshimiwa."

Barua ilikwenda juu na kurudi kwa siku sita, kasi ambayo Nikodemu aliiandika pembeni na kuiwekea alama ya mshangao, ya pekee katika daftari zima. Waziri alikuwa amefurahi. Alitoa sharti moja tu: picha iwe kubwa zaidi. Nikodemu hakupinga. Kadiri eneo jeusi linavyokuwa kubwa, ndivyo mbung'o wanavyopata pa kukaa.

Tarehe ishirini na saba ya mwezi wa tisa, siku tatu kabla ya muda aliojiwekea, bendera ya themanini na nne ilisimama. Jioni ile ile alipita chini yake. Usoni mwa Mheshimiwa Waziri, kati ya paji la uso na mashavu, walikuwa wametua mbung'o wanane. Alipofika kwenye bendera iliyofuata na kurudi, walikuwa chini, miguu juu.

Lilikuja agizo moja la kumtisha: kwamba bendera zishushwe kila siku saa kumi na mbili jioni na kupandishwa saa kumi na mbili asubuhi, kwa heshima. Nikodemu aliligonga mhuri bila wasiwasi. Mbung'o huuma mchana. Jua likizama, naye hushusha bendera yake.

*

Mzee Luhende alitoka gerezani mwezi wa kumi na mbili, amekonda, akitembea kwa fimbo. Alisimama kivukoni akaangalia juu ya mto na chini ya mto. Nyuso zile zile nyeusi kwenye bluu, kilomita kumi na mbili.

"Huyu ni nani?"

"Waziri," alisema Nikodemu.

"Amefanya nini?"

"Amemaliza mbung'o."

Mzee aliinama kwa shida, akaokota kitu kwenye mchanga chini ya mlingoti, akakiweka kiganjani: mabawa yamepandana kama mkasi. Alikitazama, akaitazama picha, akakitazama tena.

"Kumbe kweli," alisema.

Kalunde alicheka mpaka akaweka ndoo chini. Nikodemu alikunja suruali, akasimama majini dakika ishirini. Walitua wawili. Kesho yake, mmoja. Mwezi mzima hapakuwa na aliyejishtaki kwa wizi wa ng'ombe, na koplo akarudi kuvaa kofia yake.

Waziri mwenyewe hakuwahi kuziona bendera zake. Tangu sherehe ile alikuwa akisinzia kwenye vikao, lakini hakuna aliyetambua, kwa kuwa ndio ulikuwa utaratibu wa vikao. Ilipofika wakati hata kengele ya chakula haimwamshi, alipelekwa ng'ambo akiwa na cheti cha uchovu wa daraja la kwanza. Madaktari wa huko, ambao nao hawakuwa na nakala ya waraka, walimtibu. Alirudi mzima, akakuta nafasi yake ina mtu.

Mtu huyo alikuwa na mawazo mapya.

*

Jumatano moja ya mwezi wa pili, saa tatu na dakika kumi asubuhi, dereva wa wilaya alisimamisha pikipiki mbele ya ofisi na kutoa bahasha kifuani. Nikodemu aliifungua, akaisoma. Kisha akaisoma tena. Kisha akaisoma mara ya tatu, akifuatisha kila mstari kwa ncha ya kalamu.

Waraka Namba Mbili wa Upya wa Taifa ulisema kwamba, kwa kuwa mavuno ndiyo uhai wa Maelekezo, rangi ya taifa kuanzia sasa itakuwa njano. Na kwamba bendera, picha na mapambo yote ya bluu yashushwe mara moja na kuchomwa moto mbele ya mashahidi wawili.

Mezani palikuwa na mhuri. Kando ya mhuri palikuwa na pedi ya wino, kifuniko wazi. Nje ya dirisha palisikika wanawake wakishuka mtoni, na sauti ya Kalunde juu ya zote, ikimsema mtu.

Dereva alisubiri. Alikuwa na kata nyingine saba za kukosa watu.

"Wino umekwisha," Nikodemu alisema.

Dereva alitazama pedi. Ilikuwa imelowa, inang'aa mpaka unaweza kujiona. Alimtazama yule mzee, aliyekuwa ameshika kalamu kwa nguvu kuliko kalamu inavyohitaji, na jasho limemtoka juu ya mdomo.

"Umekwisha kabisa," dereva alisema. Akanyoosha kidole kimoja, akafunga kifuniko. "Itabidi uagize."

"Nitaagiza leo."

Na aliagiza, kwa kuwa alikuwa mtu wa utaratibu. Alijaza fomu ya maombi ya wino katika nakala tatu, akampa dereva. Kwa mujibu wa daftari lake, katika miaka kumi na tisa aliagiza wino mara tano, na kwa wastani uliletwa baada ya miezi kumi na minne. Baada ya hapo angeweza kuugua. Kulikuwa pia na choo, nyuma ya ofisi, chenye mlango mfupi; ingebidi kuurefusha.

Pikipiki ilipopotea kwenye vumbi, aliuweka waraka dirishani, akauwekea jiwe juu ili upepo usiuchukue, kwa maana hata karatasi ni mali ya umma. Kisha akatazama saa yake. Ilikuwa saa tatu na dakika kumi na nane.

Akakunja suruali, akachukua daftari, akashuka mtoni kuhesabu.